Mfarishi mdogo wa buluu: maswali ninayoulizwa kila mara

Ninaishi Tanga na ninashona mifarishi midogo ya kutundika ukutani, mingi yake ya rangi moja tu, buluu. Akina mama wanaokuja kujifunza barazani kwangu, na siku hizi vijana wachache pia, huuliza maswali yanayofanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ambayo mengi nimeyapata kwa kushona, kufumua na kushona tena.

Mfarishi ni nini hasa?

Ni nguo ya matabaka matatu. Juu kuna viraka vilivyoungwa, katikati kitu laini cha kuipa unene, chini bitana, na vyote hushikwa pamoja kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini. Wengine huuita kwilti. Ule wa kitandani hupimwa kwa joto lake. Wa ukutani haumfuniki mtu, kwa hiyo umebakiwa na kazi moja: kutazamwa.

Nikisema mdogo nina maana ya sentimita 40 kwa 40, sawa na foronya ya mto wa kochi. Kwa saizi hiyo unaweza kujaribu jambo Jumamosi na kujua Jumapili kama limefaa.

Rangi moja si itachosha macho?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, na nalijibu kwa mkeka. Namwambia mgeni wangu: leta nguo zote za buluu ulizonazo nyumbani, tuzitandaze. Mara ya mwisho aliyeuliza alirudi na fuko zima. Tukatoa sketi ya shule ya mwanawe, iliyopauka makalioni na kubaki nzito kwenye marinda. Ikaja jinzi ya mitumba, nyeupe magotini. Shati la kazi la mumewe. Kipande cha kanga. Kaniki ya bibi yake, ile nguo ya pamba ya buluu nzito. Nusu ya shuka la hospitali ambalo hakuna aliyekumbuka lilifikaje nyumbani. Tulihesabu buluu kumi na saba, na hapo bado hatujageuza nguo upande wa ndani, maana ndani rangi huwa nyingine kabisa.

Mtu akiwa na rangi zote mbele yake huziachia rangi zimfanyie kazi. Nyekundu inapigana na kijani, jicho linashtuka, na yeye anadhani amebuni. Ukijifunga kwenye rangi moja unabaki na mambo uliyokuwa ukiyapita bila kuyasalimu: kipi chepesi na kipi kizito kwa rangi, kipi kinang'aa na kipi kinameza mwanga, nyuzi za kitambaa zinalala upande gani. Kipande kilekile cha kaniki ukikigeuza robo mzunguko hubadilika, kwa sababu mwanga sasa unagonga nyuzi kwa upande. Kwenye mfarishi wa rangi nyingi hutaliona hilo hata siku moja. Kwenye wa buluu, ndilo linalokupa nusu ya ramani yako.

Kwa nini buluu, na si rangi nyingine?

Chagua unayoipenda. Mimi nina sababu zangu.

Ya kwanza ni bibi yangu. Alhamisi jioni alikuwa akifua kanzu ya babu kwa ajili ya Ijumaa, na suuza ya mwisho ilikuwa ya nili. Alifunga kidonge cha nili ndani ya kipande cha bafta, kitambaa cheupe cha pamba, akakitikisa kwenye beseni mara mbili, tatu, akasubiri maji yawe kama anga ya asubuhi, si zaidi. Kanzu ilitoka nyeupe kuliko nyeupe. Nilikuwa mtoto na sikuelewa inawezekanaje nguo kuoshwa kwa rangi ikawa haina rangi. Sasa najua kwamba pamba ikizeeka hugeuka manjano, na buluu kidogo huufuta umanjano huo machoni. Lakini beseni lile bado liko kichwani mwangu, na ndani yake nimepata mifarishi minne.

Ya pili ni lugha yetu. Tazama: tunasema nguo nyeupe, nyeusi, nyekundu, na rangi hizo tatu hujipinda kufuata ngeli. Nyingine zote tumezikopa kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Nili ni mmea na rangi yake kwa pamoja. Kwa hiyo Mswahili akitaja buluu lazima aonyeshe kidole: kama nini? Kama mbingu, kama bahari ya nje ya mwamba, kama kaniki? Anayetaka kubuni aanze hapohapo. Usiseme "mfarishi wa buluu". Sema buluu ya kitu gani, na saa ngapi.

Nianze kwa kuchora au kwa kukusanya vitambaa?

Kukusanya. Ukichora kwanza utaenda dukani kutafuta buluu ya mchoro wako, utaikosa, na utarudi na kitu kinachokaribiana ambacho kitakuudhi mpaka mwisho.

Mafundi cherehani wana kiroba cha mabaki chini ya meza; omba kwa adabu, na mpelekee fundi vitumbua siku nyingine. Kwenye mitumba tafuta mashati ya pamba yaliyochakaa vizuri, maana uchakavu ni rangi ambayo duka haliuzi. Sare za shule zilizobana. Vitenge vyenye buluu iliyochanganyika na nyeupe, ambavyo ukikata vipande vidogo hugeuka buluu hafifu yenye madoadoa. Kata kipande cha upana wa kiganja kutoka kila nguo, usikate zaidi kwanza. Kaa navyo wiki moja mahali unapopita mara nyingi.

Na tafadhali uliza kabla ya kukata. Kanga aliyopewa mama yako harusini si yako, hata kama imekaa sandukuni miaka ishirini.

Nitajuaje kitambaa kipi ni chepesi na kipi ni kizito? Vyote naviona buluu tu.

Vipange mezani, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Buluu inatoweka na kinachobaki ni mwanga na giza peke yake. Utashangaa. Vile viwili ulivyodhani ni tofauti kabisa, kimoja cha kung'aa na kimoja kilichopoa, kwenye picha ni kijivu kilekile. Ukivishona ubavu kwa ubavu vitayeyukiana. Wakati mwingine hilo ndilo unalotaka, wakati mwingine litaua kazi yako.

Baada ya picha, gawa mafungu matatu: vyepesi, vya kati, vizito. Karibu kila mtu hugundua ana rundo la vya kati na hana vyepesi. Basi tafuta vyepesi: upande wa ndani wa kitenge, jinzi iliyopigwa na jua, bafta uliyoichovya kwenye nili ya kufulia.

Kisha kuna tofauti ya pili, ya mwelekeo. Buluu nyingine inaegemea zambarau, nyingine inaegemea kijani, kama majani ya mkonge yanavyoonekana kwa mbali. Ziweke zote mbili kwenye kazi moja na zitasukumana kidogo. Mimi huutaka msukumo huo, ila nataka upande mmoja uwe mwenyeji na mwingine uwe mgeni.

Nichore nini?

Kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, na si "bahari" kwa jumla. Nitakueleza mfarishi mmoja niliousumbukia.

Nilikuwa nimesimama ufukweni kabla ya jua kuchomoza, maji yamekupwa. Anga ilikuwa nyepesi chini, nzito juu. Maji yaliyobaki kwenye madimbwi yalikuwa meupe kuliko anga yenyewe. Na ngalawa moja ilikuwa imelala ubavu kwenye matope, nyeusi tititi. Basi. Nyumbani nilichora mistari mitano kwenye karatasi ya sentimita 40: mkanda wa anga ya juu, mkanda wa anga ya chini, mstari wa bahari ya mbali, matope, madimbwi. Ngalawa sikuichora. Niliweka kipande kimoja cha kaniki, chembamba, kimeinama, kirefu kama kidole cha kati. Kila anayeingia sebuleni huniambia "ngalawa ile", na hakuna ngalawa pale, kuna kipande cha kaniki.

Jambo lililoniokoa ni kutogawa sawa. Mwanzoni mikanda yote mitano ilikuwa na upana mmoja, na kazi ikawa kama bendera. Nilipoipa anga zaidi ya nusu ya kimo chote na kuyapunguza madimbwi yakawa vipande vitatu vidogo, ndipo asubuhi ikaingia. Fungu moja litawale, la pili lisaidie, la tatu liwe kidogo kabisa. Mara nyingi hicho kidogo ndicho jicho hukikimbilia, kwa hiyo usikiweke katikati kamili.

Kipande kikiwa mezani ni kizuri, nikikishona kinabadilika. Nakosea wapi?

Hukosei, jirani yake ndiye amekibadilisha. Rangi yoyote huonekana kulingana na iliyo kando yake. Buluu ya kati ikizungukwa na kaniki inawaka kama taa. Ihamishie kwenye bafta inakuwa kiza.

Kisa chake ni cha wapiga rangi. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa upakaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins mjini Paris. Wateja walilalamika kwamba nyeusi ya pale ni dhaifu. Aliipima nyuzi kwa nyuzi dhidi ya nyeusi za karakana nyingine na hakuona kasoro. Tatizo lilikuwa kwa majirani: nyeusi ile ilifumwa kando ya buluu na zambarau, nazo ziliipora uzito wake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo.

Kwa hiyo usiamue kipande kikiwa peke yake mkononi. Tundika shuka jeupe ukutani, bandika vipande kwa pini, rudi nyuma hatua tano. Kisha nenda kapike, urudi ukitazame ghafla.

Kaniki yangu inatoka rangi. Nifanyeje?

Hapa nina kovu. Mfarishi wangu wa tatu ulikuwa na kaniki mpya kando ya bafta nyeupe kabisa. Nilifika hatua ya mwisho, nikanyunyiza maji, nikapitisha pasi ya moto. Nilipoinua pasi, ukingo wa bafta ulikuwa na ukungu wa buluu upana wa kucha, kama wino uliolowa. Wiki mbili za kazi. Nilikaa chini nikalia, na sioni aibu kulisema.

Kaniki za zamani, na jinzi mpaka leo, zimepakwa nili, na nili ina tabia yake. Haiyeyuki kwenye maji. Mpiga rangi huinyima oksijeni ndani ya pipa mpaka iyeyuke na kuwa na rangi ya manjano inayoelekea kijani. Nguo ikitolewa hewani hugeuka mbele ya macho yako, kijani inakuwa buluu, kwa sababu hewa imeirudishia oksijeni yake. Lakini nili hiyo imekaa juu juu kwenye uzi, haijafungamana nao ndani. Ndiyo maana jinzi hupauka magotini, na ndiyo maana kidole gumba huwa cha buluu baada ya kushona mchana kutwa. Kaniki ninazonunua madukani siku hizi zina weusi kuliko ubuluu, na rangi zake si lazima ziwe nili, lakini nyingi zinatoka vilevile.

Fua kila kitambaa kizito peke yake, kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe safi. Mara tano si nyingi. Kikikauka, lowesha kitambaa cheupe, kisugue juu yake kwa nguvu mara kumi. Kikibaki cheupe, shona. Kikichafuka, rudi kwenye beseni au kiweke kando ya vizito wenzake tu.

Chumvi na siki? Kila mtu anashauriwa hivyo na shangazi yake. Nguo ya pamba iliyokwisha kupakwa rangi dukani haishikizwi na chumvi wala siki. Zitie kwenye kachumbari.

Kaniki si nguo ya waganga? Wageni wangu wataniona vipi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa sauti ya kawaida. Ni kweli, kaniki hutumika katika uganga pamoja na kitambaa chekundu na cheupe, na wapo wanaoiona ukutani wakashtuka. Kama una mzee nyumbani ambaye itamkosesha usingizi, tumia sare ya shule. Heshima kwanza.

Lakini kaniki ina historia pana kuliko hiyo. Katika karne ya 19 ilikuwa nguo ya kila siku ya wanawake maskini na watumwa wa pwani, kitambaa cha pamba kilichochovywa kwenye nili ili kifiche uchafu wa kazi. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiweka kaniki kando na kujifunga kanga za maua, na kila aliyewaona alielewa wanasema nini. Mwaka huohuo, mbali kabisa na Unguja, kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, na nili ya mashambani ikaanza kufa. Ninapounga kipande cha kaniki na kipande cha kanga, mshono ule kwangu una uzito. Sitaki kaniki isahaulike kwa sababu ya hofu, maana waliojifunga kaniki ni bibi zetu.

Hii si sanaa ya Wazungu?

Hapana, na nina mengi ya kusema.

Anza na kanga yenyewe. Inavyosimuliwa, wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zilizochapwa kwenye jora moja, wakakata tatu-tatu, wakaunga safu mbili na kupata nguo moja kubwa ya leso sita. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuichapa ikiwa nzima. Yaani kanga ilizaliwa ikiwa viraka vya sindano ya mwanamke. Tunapoikata na kuiunga upya tunaendelea pale walipoachia wenye leso.

Vuka bahari uende Karnataka, India. Huko wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliopelekwa India, wengi wakipitia Goa enzi za Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi kwa nguo zilizochakaa. Hawaungi viraka kwanza. Wanatandaza bitana, wanaanza pembeni, wanaweka kiraka, wanakishona kwa bandi, yaani mishono ya kuingia na kutoka, kupenya matabaka yote, wanaongeza kingine, wakizunguka kuelekea ndani mpaka wafike katikati. Kwenye kila pembe huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani ua, na kwao kawandi isiyo na maua hayo iko uchi. Nimeijaribu njia hii na naipenda kuliko zote kwa kazi ndogo, maana huhitaji kuunga na kutabaka kwa nyakati mbili.

Wayoruba wa Nigeria wana adire: huchora kwa uji mzito wa muhogo juu ya kitambaa, huchovya kwenye nili, na penye uji panabaki weupe. Nami huchora michirizi ya maji kwa uji huohuo, muhogo hatukosi.

Na Marekani, Gee's Bend, jimbo la Alabama, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba wameshona mifarishi vizazi kwa vizazi. Mwaka 1942 Missouri Pettway wa huko alikuwa ametoka kufiwa na mumewe. Alichukua nguo zake za kazi, akazikata, akashona mfarishi wa kujifunika ili amkumbuke. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji kile ilioneshwa kwenye jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu. Ukiitazama ile ya nguo za kazi utaona nguo zilizopauka, na pale mfuko uliposhonwa pamebaki mraba wa rangi nzito ambao jua halikuufikia. Mraba ule ukiupata kwenye shati la kazi, usiutupe. Hakuna kitambaa cha dukani chenye kitu hicho.

Katikati niweke nini?

Blanketi jembamba la zamani. Sponji ni nene mno na huipinga sindano.

Kwa mkono au kwa cherehani?

Kuunga viraka, tumia chochote. Mishono ya juu, inayoshika matabaka, mimi nashona kwa mkono kwa bandi, na nakuomba ujaribu hata mara moja. Cherehani huacha mstari. Mkono huacha vitone, na kila kitone huvuta kitambaa chini kidogo, kikatengeneza kivuli chake. Kwenye kazi ya rangi moja vivuli hivyo ni rangi ya ziada uliyopewa bure. Vaa subana kidoleni, kaniki ni ngumu.

Uzi uwe wa rangi gani?

Palipo na giza weka uzi mwepesi kidogo, palipo na mwanga weka uzi mzito kidogo. Kidogo. Uzi mweupe kabisa juu ya kaniki unavutia sana, lakini utaona kila mshono uliopinda, nawe utaanza kushona kwa woga. Kwenye ule mfarishi wa ufukweni nilitumia nyuzi tatu. Kwenye anga mishono ilikwenda mlalo, mirefu, imeachana. Kwenye matope niliishona mifupi iliyosongamana mpaka kitambaa kikasinyaa kama matope yenyewe yanavyosinyaa jua likipanda.

Naomba hatua zenyewe, kwa vipimo.

Kata viraka ukiongeza robo inchi kila upande kwa ajili ya mshono. Unga kuanzia vidogo kwenda vikubwa, piga pasi kila mshono kabla ya kuuvuka kwa mwingine, na ulaze nafasi ya mshono upande wa kitambaa kizito ili isichungulie kwenye chepesi. Bitana na blanketi vikate sentimita 50 kwa 50, kwa sababu kitambaa husogea unaposhona. Tandaza bitana upande mzuri ukitazama chini, juu yake blanketi, juu yake viraka. Piga bandi kubwa za kushikiza kuanzia katikati kwenda kwenye pembe. Hizi utazitoa baadaye. Sasa shona mishono yako ya kudumu, nayo kutoka katikati kwenda nje, usije ukakusanya kifuko cha hewa katikati. (Ukifuata njia ya kawandi, yote haya geuza.)

Ukimaliza, punguza kingo ziwe 40 kwa 40 kamili. Ukanda wa kuzunguka ukate upana wa sentimita 6, urefu 185 baada ya kuunga. Ukunje katikati kwa urefu wake, ushone mbele kwa cherehani, uugeuzie nyuma na uumalize kwa mkono. Mwisho, chukua kitambaa cha sentimita 10 kwa 36, ushone uwe mrija, uushikize nyuma karibu na ukingo wa juu. Humo utapita ufito.

Nikikata kanga, maandishi yake nifanye nini?

Jina la kanga likikatwa ovyo hubaki nusu neno, na watu wetu watalisoma tu. Nimewahi kuona kazi nzuri imeachwa na kipande kilichosomeka tusi, bila aliyeshona kutambua. Ama ligeuze ndani, ama lisomeke lote. Pindo lina michoro midogo inayojirudia, nalo ni zuri kwa mikanda. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, una michoro mikubwa, hivyo kata humo vipande vinavyotosha kuonyesha umbo moja.

Naruhusiwa kutia rangi nyingine, hata tone?

Kazi ni yako. Ila shona miwili ya buluu tupu kwanza. Ukifika wa tatu, jaribu tone la rangi ya chungwa, iliyo mkabala na buluu, ukubwa wa punje ya hindi. Utaona buluu yote inaamka. Likizidi hapo, linakuwa mfarishi wa rangi ya chungwa wenye mandhari ya buluu.

Niuze bei gani?

Andika saa zako kwenye daftari tangu kipande cha kwanza. Jiulize fundi mzuri wa mtaani kwako analipwa kiasi gani kwa siku, zidisha, ongeza vifaa, ndiyo bei ya chini kabisa. Mnunuzi akisema "lakini ni nguo kuukuu", mwonyeshe upande wa nyuma. Anayejua sindano ataelewa, na asiyeelewa hakuja kununua.

Nitundike wapi, na nisafisheje?

Mbali na jua la moja kwa moja, maana jua la kwetu hula buluu kimyakimya. Mbali pia na ukuta unaovuja. Masika hushusha ukungu nyuma ya chochote kilichobanwa ukutani, kwa hiyo ufito uache upenyo wa kidole. Kila baada ya miezi michache uteremshe, ukung'ute nje upande wa upepo. Ukilazimika kuufua, maji baridi, beseni pana, usikamue, uukaushe kivulini ukiwa umelala.

Ni saa ngapi nzuri kuutazama?

Jioni, kabla hujawasha taa. Jicho la mwanadamu likizoea giza hupoteza nyekundu mapema na huendelea kuona buluu. Mwanasayansi Jan Purkinje aliliona hilo kwenye maua ya bustani. Wangu wa ufukweni umetundikwa mkabala na mlango. Saa kumi na mbili na nusu, adhana ya magharibi ikiwa imekwisha, zulia jekundu limeshakuwa jeusi na mito ya kochi haina tena rangi. Madimbwi yale matatu ya bafta bado yanaonekana. Hukaa nayo mpaka mtu aingie na kuuliza kwa nini nimekaa gizani.